Mtakatifu Anselm, Askofu Mkuu Aliyeuliza kwa Nini Mungu Alifanyika Mtu



Kila mwaka, tarehe 21 Aprili, Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mara nyingi siku hiyo hupita kimya, maana huangukia karibu na Pasaka, na watu wana shughuli nyingi. Lakini yafaa tumjue mzee huyu. Katika Kitabu cha Sala cha kale, padre anapoweka wakfu mkate na divai, tunasikia kwamba Bwana Yesu kwa sadaka yake moja alitoa malipo yaliyotosha kwa dhambi za watu wote. Fundisho hilo la malipo si Anselm aliyelianzisha, kwa kuwa msingi wake umo katika Maandiko. Hata hivyo, katika zama zake hakuna aliyelifikiri kwa kina kama yeye, naye alilifikiri akiwa mkimbizi, mbali na kiti chake, akiwa na adui aliyevaa taji.

Anselm alizaliwa mwaka 1033 katika mji wa Aosta, chini ya milima ya Alps, mahali ambapo leo ni Italia ya kaskazini. Baba yake, Gundulf, alikuwa mtu mwenye mkono usioshika mali. Mama yake, Ermenberga, alikuwa mwanamke wa busara aliyeishika nyumba vizuri. Mama huyu alimfundisha mwanawe kwamba juu mbinguni yuko Mungu mmoja atawalaye vyote. Mtoto alipoitazama milima ile mirefu yenye theluji, alidhani mbingu imekaa juu ya vilele vyake.

Usiku mmoja akaota kwamba anaupanda mlima aende kwenye baraza ya Mfalme. Njiani akawaona watumishi wa kike wa Mfalme wakivuna ngano kwa uvivu na uzembe, akasikitika, akaazimia kuwashtaki kwa Bwana wao. Alipofika juu alimkuta Mfalme na msimamizi wa nyumba yake tu, kwa kuwa wengine wote walikuwa mavunoni. Mfalme akamwita, akamwuliza kwa upole yeye ni nani na ametoka wapi, kisha akaamuru aletewe mkate mweupe sana, naye akala. Asubuhi mtoto aliwaambia watu kwamba amefika mbinguni na amekula mkate wa Bwana. Tazameni jambo hili: mtoto alipanda na mashtaka mkononi, akapewa chakula. Mtu akiyasoma maisha yote ya Anselm ataona kwamba ndoto hiyo haikumwacha.

Mama yake alipofariki, nyumba ilikuwa kama chombo kilichokatika nanga. Baba akawa mkali kwake, na lo lote alilofanya kijana halikumpendeza. Mwishowe Anselm akaondoka kwao, akiwa na umri wa miaka kama 23, pamoja na mtumishi mmoja na punda. Walipokuwa wakiupita mlima wa Mont Cenis nguvu zilimwishia, akawa anatafuna theluji kwa njaa. Mtumishi akatazama tena ndani ya mfuko uliokuwa juu ya punda, ingawa alijua kwamba hamna kitu, akaukuta mkate mweupe. Wakala, wakaendelea na safari.

Akatangatanga miaka kama mitatu katika nchi za Burgundy na Ufaransa, na mwaka 1059 akafika Bec, katika Normandy. Hapo palikuwa na nyumba ya watawa iliyoanzishwa na Herluin, mtu aliyeacha uaskari apate kumtumikia Mungu. Mwalimu wa pale alikuwa Lanfranc, ambaye sifa zake zilienea kote. Anselm alifika kutafuta elimu, lakini mwaka 1060, akiwa na miaka 27, aliingia utawa. Miaka mitatu baadaye Lanfranc alihamishiwa mahali pengine, na Anselm akawekwa kuwa msaidizi mkuu wa nyumba ile.

MWALIMU WA VIJANA

Mimi niliyefundisha walimu kwa miaka mingi siwezi kuipita sehemu hii ya maisha yake upesi. Watawa wengine wa Bec walikasirika kwamba kijana wa juzi amewekwa juu yao. Mmoja wao, kijana aitwaye Osbern, alikuwa na akili nyingi na mikono hodari, lakini alimchukia Anselm waziwazi. Anselm hakushindana naye. Alimvumilia, akamruhusu mambo madogo madogo yasiyoharibu utaratibu, hata moyo wa kijana ukalainika. Ndipo polepole akaanza kumwondolea utoto na kumtia katika nidhamu ya mtu mzima. Osbern akawa rafiki yake mpenzi. Halafu akaugua, na Anselm akamwuguza mwenyewe usiku na mchana mpaka akafa. Kwa mwaka mzima baada ya hapo Anselm aliadhimisha Ekaristi kila siku kwa ajili ya roho ya yule aliyekuwa adui yake.

Siku moja mkuu wa nyumba nyingine ya watawa alimlalamikia kuhusu wavulana waliolelewa kwake. Alisema kwamba wanapigwa mchana na usiku, na kila siku wanazidi kuwa wabaya. Anselm akamwuliza: mtu akiupanda mche katika bustani, kisha akaubana pande zote usiweze kutanua matawi, baada ya miaka atapata mti wa namna gani? Yule mzee akakiri kwamba atapata mti uliopinda na kujisokota. Anselm akamwonyesha kwamba ndivyo anavyowafanya wale watoto. Akaongeza mfano wa sonara, ambaye hatengenezi sura nzuri katika bamba la dhahabu kwa kugonga tu, bali hulibonyeza na kuliinua kwa upole. Yule mkuu akaanguka chini, akaomba msamaha.

Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli, lakini kukunja si kuvunja. Naomba msomaji aikumbuke habari hii, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye fundisho lake la msalaba.

Mwaka 1078 Herluin alifariki, na watawa wakamchagua Anselm kuwa mkuu wao. Alijitupa chini mbele yao akilia wasimtwike mzigo ule, nao wakajitupa chini mbele yake. Wakamshinda. Katika miaka hiyo aliandika vitabu viwili ambavyo wanafalsafa wangali wanavisoma hata leo, Monologion na Proslogion, juu ya kuwako kwake Mungu. Hakuwa mtu wa kungoja aelewe ndipo aamini. Aliamini kwanza, halafu akaitumia akili yake yote ili akielewe kile alichokiamini. Aliandika pia sala nyingi, na baadhi yake aliwapelekea wanawake wakubwa wa siku zile waliomwomba msaada katika maisha ya kiroho, akiwamo Adelaide, binti wa Mfalme William aliyeishinda Uingereza.

KULAZIMISHWA UASKOFU

Lanfranc alikuwa amewekwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1070, akafa mwaka 1089. Mfalme wa Uingereza wakati huo alikuwa William wa Pili, aitwaye Rufus. Yeye aliona faida kutoweka askofu mpya, maana kiti kikikaa wazi mapato ya mashamba ya Canterbury yaliingia katika hazina yake. Kwa miaka minne kundi likakosa mchungaji.

Mapema mwaka 1093 mfalme aliugua sana huko Gloucester, akaogopa kufa. Anselm alikuwa Uingereza kwa shughuli za nyumba yake, akaitwa kitandani. Mfalme akatubu, akaahidi kutenda haki, akamtaja Anselm kuwa Askofu Mkuu. Anselm alikataa kabisa. Maaskofu wakamvuta mpaka kitandani, wakajaribu kumfungua vidole ili aishike fimbo ya kiaskofu, na waliposhindwa wakaibana fimbo juu ya ngumi yake iliyofumbwa, huku wengine wakianza kuimba kwa furaha. Yeye aliwaambia kwamba wanamfunga nira moja fahali mkali na kondoo mzee, walime pamoja. Aliwekwa wakfu tarehe 4 Desemba mwaka ule. Mfalme alikuwa amekwisha kupona, na toba yake ilipona pamoja naye, maana ilitoweka.

Mwaka 1094 mfalme alikusanya fedha za vita. Anselm alimtolea paundi 500 kwa hiari. Washauri wakamwambia mfalme kwamba ni kidogo, azikatae ili Askofu Mkuu aogope na kuongeza. Fedha zikarudishwa. Anselm hakuongeza. Alizigawa kwa maskini. Baadaye maaskofu wenzake walipomshauri amrudishie mfalme toleo lile apate kupendwa, alijibu kwamba fedha zile zimekwisha kwenda kwa maskini. Aliona ni aibu kuununua upendeleo wa bwana wake kana kwamba ni farasi sokoni, na kuwakamua wakulima wake ili apate bei yake. Sisi husema mkono mtupu haulambwi. Anselm alikubali mkono wake usilambwe.

Ugomvi uliendelea. Mwaka 1095, katika mkutano wa Rockingham, karibu maaskofu wote walimwacha peke yake kwa hofu ya mfalme. Mwaka 1097 akaamua kwenda Roma kumwomba Papa shauri. Kabla ya kuondoka aliomba ruhusa kumbariki mfalme, na mfalme, pamoja na ukali wake, akainamisha kichwa akabarikiwa. Huko Dover, pwani, mjumbe wa mfalme alimpekua mizigo mbele ya watu wote akitafuta fedha. Hakupata kitu. Mzee wa miaka 64 akapanda mashua kwenda uhamishoni.

KIJIJI CHA MLIMANI

Katika mwaka 1098 Anselm alipata mahali pa kupumzika, kijiji cha Liberi, juu ya mlima karibu na Capua, Italia ya kusini. Kijiji kilikuwa na shida ya maji. Walimwomba achague mahali pa kuchimba kisima, akachagua, akasali, na maji yakapatikana katika mwamba. Watu wakakiita kisima cha Askofu Mkuu. Hapo alikimaliza kitabu alichokianza Uingereza katikati ya misukosuko, nacho chaitwa Cur Deus Homo, yaani Kwa Nini Mungu Alifanyika Mtu. Amekiandika kwa mtindo wa mazungumzo kati yake na Boso, mtawa wa Bec mwenye maswali mengi, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa nyumba ile.

Hapa ndugu zangu tusimame kidogo tulifahamu fundisho lenyewe. Ni kama deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Kabla ya Anselm, walimu wengi walieleza kwamba mwanadamu alipotenda dhambi aliingia mikononi mwa shetani, na kwamba Kristo alitolewa kuwa bei ya kumkomboa, kana kwamba shetani alikuwa na haki ya kudai. Anselm alilikataa wazo hilo. Shetani ni kiumbe wa Mungu kama sisi. Yeye ni mtumwa mwizi aliyemshawishi mtumwa mwenzake amtoroke bwana wao. Je, mwizi ana haki gani juu ya kitu alichokiiba? Mungu hana deni kwa shetani hata kidogo. Mwenye deni ni mwanadamu, na anayedaiwa naye ni Mungu.

Deni hilo ni lipi? Kila kiumbe mwenye akili ana wajibu wa kuyatii mapenzi ya Mungu. Asiyempa Mungu utii huo amemnyang'anya kilicho chake na kumvunjia heshima. Boso alidhani kwamba toba, machozi na sadaka zingetosha. Anselm akamwuliza kama vitu hivyo si vile ambavyo angempa Mungu hata kama asingetenda dhambi. Mtu hawezi kulipa deni la jana kwa fedha anayodaiwa leo. Kisha akampa jaribio: kama Mungu amekukataza kutazama upande fulani, je, ungetupa jicho huko hata kama ulimwengu wote ungeangamia usipotazama? Boso akaona kwamba haifai. Basi dhambi moja, hata iwe ndogo machoni petu, ina uzito kuliko ulimwengu. Nani anayo mali ya kulipia kitu cha namna hiyo?

Wengine husema: Mungu si Baba? Asamehe tu, yaishe. Anselm alijibu kwa mfano wa lulu. Tajiri ameshika lulu safi ya thamani. Adui anaipiga inaanguka matopeni. Je, ataiokota na kuiweka katika kasha lake la hazina ikiwa imejaa matope? La, ataiosha kwanza. Mungu hataki kutuokota tu, anataka tuwe safi tukae naye. Tena kama dhambi ikiachwa tu bila kutengenezwa, mwovu na mwema wamekuwa sawa mbele yake.

Basi hapa ndipo fundo lilipo. Anayepaswa kulipa ni mwanadamu, maana ndiye mwenye deni, lakini hana kitu. Anayeweza kulipa ni Mungu peke yake, lakini yeye hadaiwi. Kwa hiyo malipo hayawezi kutolewa ila na mmoja ambaye ni Mungu kweli na mwanadamu kweli. Hiyo ndiyo sababu Neno alifanyika mwili. Bwana Yesu aliishi bila dhambi, na kwa kuwa kifo kiliingia kwa dhambi, yeye hakuwiwa kufa. Alipoutoa uhai wake kwa hiari alitoa kitu asichodaiwa, chenye thamani kupita dhambi zote za dunia. Baba hakuweza kuiacha zawadi kubwa hivyo bila thawabu. Lakini Mwana atapewa nini naye ana vyote? Akaomba thawabu yake wapewe ndugu zake, yaani sisi, ambao alikuwa amejivika ubinadamu wao.

Ili mambo haya yaeleweke kwa mtu wa kawaida, Anselm alieleza habari za mji ambao watu wake wote walimkosea mfalme na kuhukumiwa kufa, ila mtu mmoja tu. Huyo mmoja anapendwa sana na mfalme, na tena anawapenda watu wa mji. Anajitolea kufanya kazi moja itakayompendeza mfalme, siku atakayoiweka mfalme mwenyewe. Lakini si wote wanaoweza kufika siku ile. Basi mfalme anatangaza kwamba ye yote, awe wa kabla au wa baada ya siku ile, akikiri kutaka msamaha kwa ajili ya kazi hiyo na kulikubali agano lililofanywa, amesamehewa. Ndivyo ilivyo hata sisi ambao hatukuwako Golgotha. Mpatanishi wetu ni mmoja, na siku yake yatufikia sote.

KULIPA SI KUPIGWA

Baada ya Anselm walikuja walimu waliomlaumu. Petro Abelard alisisitiza kwamba msalaba umekuja kuamsha upendo ndani yetu. Wengine walisema kwamba Anselm amemfanya Mungu kama mtawala wa zama zake, mwenye kujali heshima yake tu. Haifai kuyapuuza maneno hayo, maana hakuna kitabu kimoja kinachoweza kuumaliza msalaba. Ni kweli pia kwamba alitumia lugha ya watu wa siku zake, ambao walijua bwana, heshima na deni, kama vile sisi tunavyojua fidia inayotolewa ili koo mbili zilizogombana zipate kula pamoja tena.

Lakini liko kosa moja ambalo watu humsingizia. Wapo wadhanio kwamba alifundisha Baba mwenye hasira, aliyetaka kumpiga mtu fulani na mwishowe akampiga Mwana asiye na hatia. Sivyo. Kwa Anselm ziko njia mbili, ama adhabu ama malipo, na Kristo alileta malipo ili adhabu isiwepo. Hakulazimishwa. Baba hakumburuta. Mapenzi ya Baba na ya Mwana ni mamoja, na upendo wao ni mmoja. Mwalimu yule aliyemwonya mwenzake juu ya kuwapiga watoto hangeweza kufundisha Mungu mwenye kupiga ili apoze ghadhabu. Kwake heshima ya Mungu ni kuona kiumbe chake kimesimama tena sawasawa, kama mti ulionyoshwa.

Ndugu, jambo hili linatuhusu sana. Wako kati yetu waendao na mbuzi au kuku kwa mganga ili kuondoa laana. Wako wengine wasiokwenda kwa mganga, lakini huleta sadaka kanisani kwa moyo ule ule, wakitumaini kwamba shilingi zao zitafunika jambo fulani walilolitenda. Na wako wanaokaa nyuma kabisa, hawaji mezani pa Bwana miaka na miaka, kwa sababu wanaona deni lao ni kubwa mno. Anselm angewaambia hao wa mwisho kwamba wamepima vizuri. Ni kubwa mno kweli. Ndiyo maana haikuachwa mikononi mwao. Sadaka zetu ni shukrani baada ya deni kulipwa, wala si sehemu ya malipo.

ALIYEUPIGIA ADUI YAKE MAGOTI

Sasa tuone kama mwandishi aliyaishi aliyoandika. Katika majira yale yale ya mwaka 1098, mji wa Capua ulikuwa umezingirwa na jeshi, na miongoni mwa askari walikuwamo Waislamu wengi wa Sicily chini ya Count Roger. Anselm alipopita katika kambi yao walimpokea kwa heshima, na wengine walikuja hemani mwake, akawalisha kwa ukarimu. Nao wakamwombea heri kwa desturi yao. Mtu aliyekuwa amefukuzwa na mfalme Mkristo alipata salamu za upendo kutoka kwa watu wa dini nyingine.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo Papa Urban wa Pili aliitisha baraza la maaskofu huko Bari. Anselm alisimama akaitetea imani juu ya Roho Mtakatifu mbele ya Wagiriki. Kisha habari za Mfalme William zikaletwa, mabaya yake yote yakasimuliwa, na Papa akawa tayari kumtenga na Kanisa. Hapo Anselm akainuka, akapiga magoti mbele ya Papa, akamwombea mfalme asitengwe. Yule aliyepekuliwa mizigo pwani, aliyenyang'anywa mapato yake, ndiye aliyesimama kati ya adui yake na hukumu. Wino wa kitabu chake juu ya Mpatanishi ulikuwa haujapita miezi mingi.

Tarehe 2 Agosti mwaka 1100 William alipigwa mshale akiwinda porini akafa papo hapo, bila padre wala toba. Habari zilipomfikia Anselm huko Ufaransa alilia sana, akasema ni afadhali afe yeye kuliko mfalme kufa vile.

Tabia hiyo ilionekana hata kwa wanyama. Siku moja akiwa safarini, sungura aliyefukuzwa na mbwa alikimbilia chini ya farasi wake. Mbwa wakazunguka wakibweka. Vijana wakacheka, lakini Anselm akasimamisha farasi, akalia. Aliiona pale roho ya mtu saa ya kufa, imezungukwa na adui, ikitafuta pa kukimbilia. Akawakataza mbwa wasimguse, na sungura akaenda zake.

Mfalme mpya, Henry wa Kwanza, alimwita arudi. Wakapatana kwa mengi, lakini Henry alitaka yeye mwenyewe awape maaskofu pete na fimbo, na Kanisa lilikuwa limekataza jambo hilo. Anselm akaenda tena uhamishoni toka mwaka 1103 mpaka 1106. Mwaka 1107 wakapatana: mfalme akaacha kutoa pete na fimbo, na maaskofu wakaendelea kumwapia utii kwa ajili ya mashamba. Kila upande ulipungukiwa kidogo, na amani ikapatikana.

Neno moja zaidi lisisahauliwe. Mwaka 1102 Anselm aliongoza baraza la Kanisa huko Westminster. Uingereza wakati ule ilikuwa na watumwa wake, na kutoka bandari ya Bristol watu walikuwa wakiuzwa mpaka Ireland. Baraza lile lilipiga marufuku biashara ya kuwauza watu kama wanyama. Sisi wa Afrika Mashariki, tunaojua kwamba Kanisa Kuu la Kristo la Unguja lilijengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tunalielewa neno hilo kwa uchungu. Wakristo wengi wa karne za baadaye hawakulitii. Lakini lilikuwa limekwisha kusemwa, tena na mtu aliyeamini kwamba bei ya mwanadamu imelipwa mara moja na haiwezi kulipwa tena sokoni.

MWISHO WAKE

Katika Juma Kuu la mwaka 1109 Anselm alikuwa hoi kitandani huko Canterbury. Watawa wake walimwambia kwamba bila shaka anakwenda kuifanya Pasaka katika baraza ya Bwana wake. Alijibu kwamba yu tayari kwa mapenzi ya Mungu, ila kama angeachiwa muda kidogo angefurahi kulimaliza swali moja juu ya asili ya roho ya mwanadamu, maana hakujua kama yupo atakayelimaliza baada yake. Mwalimu hadi pumzi ya mwisho! Lakini hakupewa muda huo. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 21 Aprili, wakamlaza juu ya gunia na majivu kwa desturi ya watawa, akalala katika Bwana, akiwa na umri wa miaka kama 76.

Mtoto aliyepanda mlima katika ndoto akiwa na mashtaka mdomoni aliitumia miaka yake yote kuwatetea wengine: Osbern, wale wavulana, wakulima wa Canterbury, mfalme aliyemtesa, na hata sungura. Alijua kwamba naye ametetewa.

Tutakapopiga magoti mezani Jumapili hii, kila mmoja akiwa na lile analolijua moyoni mwake, tusilete hesabu za kulipa. Tunyoshe mikono mitupu, tupokee mkate. Na tukiondoka pale, kama yuko jirani au ndugu ambaye tumekuwa tukimdai neno la msamaha kwa muda mrefu, tumwendee kabla jua halijatua.